Wema wa mzazi hupimwa kwa mtoto wa jirani

Na Wekesa Barasa

Tunaposoma hadithi za dunia iliyokwisha, machozi hututoka kwa mzazi anayempigania mwanawe. Naona hapo bado hatujaufikia wema. Kumpenda uliyemzaa hata mnyama hufanya. Wema huanza mzazi akutanapo na mtu asiyemhusu, huku mwanawe akimtazama. Riwaya ya The Road ya Mmarekani Cormac McCarthy, iliyotoka mwaka 2006 na kupata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata, inasimama juu ya mvutano huo. Baba na mwanawe wanaelekea kusini katika nchi iliyoungua, mali yao yote ikiwa kwenye kigari wanachosukuma. Baba ana bastola na anamshuku kila mtu. Mtoto ndiye anayemwombea chakula mzee waliyemkuta njiani. Mwizi anapowaibia na kukamatwa, baba anamvua nguo zote na kumwacha kwenye baridi. Mtoto analia hadi wanarudi kuziacha nguo zile barabarani.

Watakuwapo wa kusema kwamba baba yule ana haki: kwenye njaa, wajibu wa kwanza ni kwa damu yako, na huruma kwa wageni ni anasa ya walioshiba. Hoja hiyo ina uzito, kwa maana bila ukali wake mtoto angekufa mapema. Lakini baba anakufa, na hapo hesabu inageuka. Mtoto anaokolewa na familia ya watu wasiomjua, waliomtendea yale ambayo baba yake aliogopa kuwatendea wengine. Kama kila mzazi angefuata kanuni ya damu kwanza, yatima yule asingepata pa kwenda. Huruma kwa mgeni, basi, ndiyo kinga pekee ya mtoto siku ambayo mzazi hayupo.

Wengine watasema haya ni mambo ya kubuni, tena ya ng'ambo. Lakini kwa watu wa Mlima Elgon, magharibi mwa Kenya, dunia ilikwisha kweli kati ya 2006 na 2008, pale mgogoro wa ardhi ya Chebyuk ulipozaa kundi la wapiganaji la SLDF (Sabaot Land Defence Force). Waliouana wengi wao walizungumza lugha moja. Wapo vijana waliolazimishwa kujiunga, na jeshi lilipoingia Machi 2008, nalo likalaumiwa kwa mateso. Maelfu waliteremka kuelekea Bungoma na Trans Nzoia, wakati uleule Kitale ikiwa na kambi za waliofurushwa na ghasia za uchaguzi wa 2007. Wengi walihifadhiwa na familia ambazo zenyewe hazikuwa na akiba. Watoto wa nyumba zile waliona sufuria moja ikigawanywa mara mbili, na hilo ni fundisho lisilopatikana katika hotuba yoyote.

Ndiyo maana natamani walimu wa Kitale na Bungoma wazisome hadithi hizi na wanafunzi wao, na wazazi wazichukulie kwa uzito. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Uchaguzi wa 2027 utaleta tena maneno ya wenyeji na wageni, na watoto watayasikia kwanza mezani. Mzazi anayemtukana jirani mbele ya mwanawe anadhani anamlinda, kumbe anampunguzia watu ambao kesho wangemfungulia mlango.