MAMBO YA NYUMBANI: Siku za Mtu Aliyestaafu

Mwezi huu tumepata barua ya mama mmoja, mke wa mwalimu, naye ametuomba tusilitaje jina lake wala mji wake. Asema kwamba mumewe amestaafu yapata miezi minne sasa, baada ya kufundisha miaka 34. Siku za kwanza palikuwa na furaha nyumbani. Wageni walikuja, mbuzi akachinjwa, hotuba zikatolewa. Sasa mzee huamka alfajiri kama zamani, huoga, huvaa shati safi na viatu, kisha huketi barazani akiitazama njia mpaka jua la utosi. Akifumbua kinywa, ni kuuliza kwa nini uji umechelewa, au kunena kwamba mboga imezidi chumvi, au kwamba kuni hazikupangwa sawasawa. "Zamani hakujua hata chumvi yakaa wapi," asema mama huyu. "Je, huu ni ugonjwa?"

Barua hii tuliisoma mara mbili, na mara ya pili tuliisoma kwa haya, maana yule mzee wa barazani twamjua sana. Sisi wenyewe tulikuwa yeye.

Jumatatu ya kwanza baada ya kukabidhi funguo za shule tuliamka saa kumi na moja alfajiri, tukavaa, tukatia kalamu nyekundu katika mfuko wa shati. Tulipofika mlangoni mwenzetu wa nyumbani akauliza, "Mwalimu, wenda wapi?" Hatukuwa na jibu. Tukamwambia twaenda kuutazama mgomba ulioanguka na upepo. Hapakuwa na mgomba ulioanguka, wala upepo haukuvuma usiku ule, naye alijua hivyo kama tulivyojua sisi. Lakini alinyamaza, akatuacha twende tukaizunguke migomba yetu na viatu vya ngozi, tukilowa umande.

Juma la pili tulifanya jambo baya zaidi, yaani tulikwenda shuleni. Tulijisingizia kwamba tumesahau kitabu. Mwalimu mkuu mpya ni kijana mwema, nasi tulimfundisha kusoma. Alitoka mbio kutupokea. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, mwanangu." Akatuingiza ofisini, akavuta kiti, akasema, "Karibu uketi." Tulipoketi ndipo tulipotambua kwamba kiti kile ni kile tulichokuwa tukiwapa wageni miaka yote, kile chenye mguu mmoja mfupi. Kengele ikalia. Yule kijana akatazama saa, akatutazama sisi, akaona haya kusema kwamba darasa lamngoja. Sisi tukamsaidia, tukaondoka. Hapakuwa na mtu aliyetukosea adabu siku ile, na pengine ndiyo sababu iliuma.

Basi, mama uliyetuandikia, tusikilize. Watu wengi hudhani kwamba mtu astaafupo hupotewa na fedha, na kweli mshahara hupungua. Katika Tanzania mtumishi wa serikali aweza kustaafu kwa hiari yake akiwa na miaka 55, na kwa lazima akitimiza 60; siku hiyo hupewa kiinua mgongo, kisha pensheni ya kila mwezi. Habari za fedha hizo zina walimu wake, nasi tutasema neno moja tu: asinunue gari la abiria katika mwaka wa kwanza, hata kama mpwa wake aapa kwamba njia ile ina faida. Wengine husema kwamba mtu hupotewa na heshima ya kazi. Hilo nalo ni kweli nusu. Tulipofuatia karatasi zetu, katika dirisha la ofisi moja, tulitaja jina letu kamili, na karani akajibu bila kuinua macho, "Sikuuliza jina, mzee, nimeuliza namba." Tulirudi nyumbani tukilichukua neno lile kama jiwe katika kiatu.

Lakini katika nchi zetu jina la kazi halimtoki mtu upesi. Mtazameni Julius Nyerere. Aliacha kufundisha katika shule ya Pugu mwaka 1955, asirudi tena darasani, na hata alipofariki mwaka 1999 watu wote walimwita Mwalimu. Miaka 44 bila ubao wala chaki, na jina lilisimama. Hivyo yule mzee wa barazani hakupotewa na jina. Kila apitaye njiani humwita Mwalimu, naye huitika. Kilichompotea ni kitu kingine, na sisi ilituchukua karibu mwaka mzima kukijua. Hapana mtu amngojaye.

Miaka 34 palikuwa na watu waliomngoja saa moja na nusu asubuhi. Asipofika, watoto 50 waligundua. Mtu mwenye kungojwa huamka upesi hata akiwa mgonjwa, hula haraka, hunena kwa kipimo, hulala mapema. Saa zake hakuzipanga yeye; zilipangwa na wale waliomngoja, nazo zilimshika kama kamba zishikavyo hema. Siku moja kamba zote hukatwa pamoja, mchana, katikati ya hotuba na soda, naye huambiwa, "Sasa pumzika." Apumzike nini? Pumziko ni kitu cha katikati ya kazi mbili. Likikosa kazi upande wa pili, si pumziko, ni uchovu wa namna nyingine. Ndipo huketi akiitazama njia. Mwadhani aitazama njia. Bali angoja aje mtu wa kumngoja yeye.

Babu zetu hawakulijua jambo hili, kwa kuwa hawakustaafu. Mzee wa zamani aliiacha kazi kidogo kidogo, kama jua litokavyo ukutani. Alipochoka kukwea minazi, alikaa chini akafua nazi; alipochoka kufua alisuka makuti; macho yalipofifia aliketi akaamua mashauri ya mipaka, maana yeye pekee alijua nani alipanda mti upi. Hapakuwa na siku iliyosemwa, "Leo umekwisha." Kustaafu kwa tarehe kulitoka maofisini. Ujerumani ilitoa sheria yake ya pensheni ya wazee mwaka 1889, wakati ule ule ilipokuwa ikijishikia nchi hii ya Tanganyika. Na umri uliowekwa ulikuwa miaka 70, ukashushwa mpaka 65 mwaka 1916. Twashukuru kwa pensheni, tusije tukadhaniwa kuidharau. Lakini tarehe ile ni kitu kigeni katika maisha ya mtu, nayo hukata mahali ambapo zamani paliisha polepole.

Wengi wa wasomaji wetu wakijua kitabu cha Hesabu watakumbuka sura ya nane, palipo na amri juu ya Walawi. Mlawi akifika miaka 50 aliondolewa katika kazi nzito ya hema, asiifanye tena. Lakini hakufukuzwa nyumbani. Aliwekwa pamoja na ndugu zake, kulinda. Aliyeitunga sheria ile aliona mambo mawili kwa pamoja: kwamba mgongo huchoka, na kwamba mtu aliyezoea kuwa na zamu hawezi kukaa bila zamu.

Nyerere naye, alipouacha urais mwaka 1985 akiwa na miaka 63, hakukaa barazani. Uenyekiti wa chama aliushika mpaka 1990, na kule Butiama alikuwa na shamba lake. Na mwaka 1996 vilitoka vitabu vya Utenzi wa Enjili, ambamo alizitia Injili katika mashairi ya Kiswahili. Waliowahi kutunga utenzi wajua kazi hiyo ilivyo. Beti haikubali kuahirishwa. Ukiiacha kesho, vina hukukimbia. Mtu mwenye beti za kumaliza ana kitu kimngojacho mezani. Hatusemi kwamba mumeo atunge tenzi. Twasema atafutiwe, au ajitafutie, kitu kitakachojua kwamba hakufika.

Sisi tulipata kitalu. Hapa kwetu Muheza machungwa ndiyo mali ya watu, na jirani mmoja, mzee kuliko sisi, alitupa viriba kumi vyenye miche ya milimao, akasema tu, "Nitunzie, nasafiri." Alisafiri siku tatu, miche alituachia moja kwa moja. Twadhani alijua afanyalo. Mche mchanga wataka maji asubuhi kabla ya jua kuwa kali, na tena jioni katika miezi ya ukavu. Ukiusahau siku mbili, majani yakuambia. Shina likifikia unene wa penseli, hukatwa ganda lake kwa kisu kikali, mfano wa herufi T, kisha huingizwa jicho lililotolewa katika mchungwa mtamu, likafungwa kwa ukanda wa plastiki. Kazi hii huitwa kubebesha. Baada ya majuma matatu hivi hufunguliwa. Jicho likiwa bado ni kijani, limeshika, na likiwa jeusi, umepoteza. Katika viriba kumi vile tulipoteza saba. Tulikasirika kama mtahiniwa aliyeanguka. Mwaka uliofuata tulibebesha 60, na zaidi ya nusu vilishika. Mchungwa uliobebeshwa huanza kuzaa yapata mwaka wa tatu au wa nne, nasi hesabu hiyo twaifanya mara nyingi, tukiilinganisha na umri wetu, kisha twaacha kuifanya, twachukua ndoo.

Kitu cha pili kilikuja chenyewe. Saa kumi jioni hupita watoto watatu wa jirani, wavulana wawili na msichana mmoja, na siku moja yule msichana alisimama akauliza juu ya sehemu, kwa nini robo ni ndogo kuliko theluthi hali nne ni kubwa kuliko tatu. Tulikata chungwa. Kesho yake alirudi na wenzake. Hatukuweka ubao wala hatuwatozi kitu, na kama hawaji hatuwaiti. Lakini saa tisa na nusu twajiona tukinawa mikono ya udongo. Mtu mmoja alitushauri tufungue darasa la jioni lenye ada; tulikataa, maana tumekwisha kuwa na shule moja katika maisha, yatosha.

Na sasa neno la nyumbani, ambalo ndilo ulilouliza. Mama, nyumba yako ina ratiba yake. Miaka yote 34 mumeo alitoka asubuhi, nawe uliitawala siku: ulijua saa ya maji, saa ya kuni, saa ya kuongea na jirani ukichambua mboga. Sasa amekuja mtu mwenye mazoea ya ukaguzi, hana wa kumkagua, naye amekuta chungu chako. Haimaanishi kwamba amekuchukia. Hata hivyo ni dhuluma, nawe una haki ya kuisema kwa upole, mkiwa wawili, si mbele ya watoto wala mbele ya mama mkwe. Mwenzetu wa nyumbani alitwambia hivi, nasi hatujasahau: "Mwalimu, darasa hili lina mwalimu wake. Ukitaka kazi nitakupa, lakini usinisahihishe." Tulinyamaza siku mbili kwa hasira. Siku ya tatu tuliomba kazi. Alitupa mbili, kujaza pipa la maji na kwenda sokoni Jumamosi. Tuligundua ya kwamba hatukujua bei ya kitu chochote, hata kibiriti. Wauza nyanya walitufanyia kicheko, kisha wakaanza kutuwekea zilizo nzuri, na sasa tusipofika Jumamosi huulizana, "Mwalimu yu wapi leo?"

Twaongeza hapa jambo ambalo wanaume hulisahau: mwalimu mwanamke akistaafu, mara nyingi huteseka kinyume. Hapati kuketi barazani hata siku moja. Watoto wake husema, "Mama sasa yupo nyumbani," wakamletea wajukuu wanne na nguo chafu. Huyo angojwa na watu wengi mno, na dawa yake si kitalu. Yafaa watoto wake waambiwe waje kuwachukua wajukuu Ijumaa, wasikose. Habari hiyo yataka ukurasa wake, nasi twawaomba wanawake waliostaafu watuandikie wenyewe.

Mumeo, basi, si mgonjwa kwa kadiri tuonavyo katika barua yako. Lakini kama halali usiku, au chakula chamshinda, au akinena kwamba yafaa afe, usingoje, mpeleke kwa mganga hospitalini, kwani wako wastaafu ambao huzuni yao ni maradhi kweli, nayo hutibika. Kama ni kuitazama njia tu, usimwambie "Tafuta kazi." Tuliambiwa hivyo na ndugu watatu, tukawachukia wote watatu. Mwachie kitu kilicho hai mikononi, ukasafiri kama yule jirani: vifaranga, au kitalu cha mboga, au mtoto asiyejua sehemu. Ukirudi usimsifu.

Na habari ya chumvi, sisi ilitupata hivi. Jumamosi moja mwenzetu wa nyumbani alikwenda msibani tangu asubuhi, akatuachia maharage jikoni. Tuliyachochea moto, tukaenda mara moja kuangalia jicho moja la mchungwa kama limeshika. Limeshika. Tuliporudi moshi ulikuwa umejaa mpaka barazani. Aliporudi jioni alikula maharage yale yote yaliyo katika sahani yake, polepole, bila kusema neno, akanywa maji bilauri mbili. Tangu siku ile hatujanena juu ya chumvi.