Mama Kuanza Karate Ukubwani: Mchague Mwalimu Kwanza (Sehemu ya 6)

Tangu niandike kuhusu tumbo la baada ya uzazi, napata meseji zenye swali moja kwa sura nyingi: "Nesi, nina miaka 34, watoto wawili, nataka kuanza karate. Au ngumi? Au judo? Au nimeshachelewa?"

Hujachelewa. Korogocho kule Nairobi kuna mabibi wenye wajukuu wanaojifunza kupiga, kupiga kelele na kukimbia, sembuse wewe wa miaka 34. Ninachobishana nacho leo ni hilo swali la "ipi". Watu wanachagua mchezo kama wanavyochagua kitenge, kwa kuangalia rangi. Mimi kazini nashika vifundo vilivyovimba na nyusi zilizochanika, nasema hivi: mchague mwalimu na sakafu kwanza. Jina la mchezo litafuata.

Na tusidanganyane kwamba haya ni mambo ya sinema za Bruce Lee tu. Karate ina zaidi ya miaka 50 hapa nchini. Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi, aliianzisha mwaka 1973 Dar es Salaam, akifundishia pale Zanaki. Judo ya Zanzibar ilikuzwa na Mjapani Tsuyoshi Shimaoka, na mwaka 2024 kijana wetu Andrew Thomas Mlugu aliicheza kwenye Olimpiki ya Paris. Ngumi ndiyo kabisa, waume zenu hadi leo wanasimulia Hassan Mwakinyo alivyommaliza Sam Eggington raundi ya pili kule Birmingham mwaka 2018. Kwa hiyo walimu wapo. Kazi ni kujua yupi anaufahamu mwili wa mtu mzima, tena mtu mzima aliyezaa.

Maana mwili huo una habari zake. Kuna misuli ya chini, ile inayoshika kibofu na kizazi. Mimba huilegeza, na kuzaa huichosha zaidi. Ndiyo sababu wengine mkipiga chafya au mkiruka kamba mkojo unaponyoka kidogo, halafu mnanyamaza kwa aibu. Sasa fikiria mtu huyo anaambiwa siku ya kwanza aruke na kupiga teke la juu mara hamsini! Atarudi nyumbani amelowa na hatakanyaga tena. Na misuli ya tumbo nayo inaweza kuwa imeachana katikati, jambo ambalo mkaja wa bibi haulirudishi peke yake.

Kwa hiyo kama umejifungua karibuni, kwa kawaida au kwa upasuaji, anza na kutembea. Miezi mitatu ya mwanzo sahau kuruka na mateke, na ukifika kliniki mwambie muuguzi unachotaka kuanza, akuangalie tumbo na mshono. Mkojo ukiponyoka au ukihisi kitu kizito kinashuka ukeni, simama, njoo hospitali. Haya yana mazoezi yake na wengi wanapata nafuu kubwa. Presha nayo: ikisoma 140/90 au zaidi, onana na daktari kwanza. Ukiwa mjamzito, miereka na kupigana na mtu weka pembeni mpaka ujifungue. Kunyonyesha hakukuzuii. Eti maziwa yanachacha kwa mazoezi? Hapana. Mnyonyeshe mtoto kabla hujaenda, vaa sidiria inayoshika vizuri, kunywa maji. Upepo na vumbi la Dodoma mnalijua wenyewe.

Turudi kwenye uchaguzi. Maoni yangu, na wapenzi wa ngumi mnisamehe, ni kwamba kwa mama wengi wa huku karate ndiyo mlango rahisi. Haitaki vifaa vingi. Unaweza kuanza na suruali ya mazoezi, miguu mitupu, hata kwenye sakafu ya ukumbi wa kawaida. Sehemu kubwa ya mwanzo ni kupiga hewani na zile kata, yaani mtiririko wa mapigo unaoufanya peke yako, hivyo kila mtu anakwenda kwa kasi ya mwili wake. Teke lako likiishia magotini, sawa tu. Taekwondo ina mateke mengi ya juu na ya kuruka, kwa hiyo kwa mwenye tatizo la nyonga ningesema subiri kidogo.

Judo naipenda kwa sababu moja kubwa: inakufundisha kuanguka. Tunapokea wazee waliovunjika nyonga kwa kuteleza bafuni tu, na mtu aliyejifunza kuanguka akiwa kijana anaubeba ujuzi huo muda mrefu. Lakini judo bila magodoro ya mazoezi ni hatari. Ukifika ukakuta watu wanabwagana kwenye saruji, au kwenye kapeti jembamba la sebuleni, geuza.

Ngumi? Kupiga begi na kupiga pedi anazoshika mwalimu, nenda kwa raha zako, moyo na mapafu vitakushukuru. Kupigana ngumi za kichwa kwa mazoezi, mimi nasema hapana kwa mama anayeanza. Msuli unazoea, ubongo hauzoei. Na mtu yeyote akipigwa kichwa kisha akatapika, akachanganyikiwa, akasinzia isivyo kawaida au maumivu yakazidi, asilazwe nyumbani eti apumzike. Hospitali, saa hiyo hiyo.

Sasa, kabla hujatoa hela ya mwezi, kaa pembeni uangalie darasa zima mara moja. Tazama anavyomtendea mgeni dhaifu kuliko wote mle ndani. Mwulize: nikisema sitaki kupigana leo, itakuwaje? Mwalimu mzuri atakwambia fanya kile unachoweza. Akicheka, au akisema hapa hatufugi waoga, umeshajibiwa. Angalia kama anawapasha watu misuli kwanza, kama kuna kisanduku cha huduma ya kwanza, kama akina mama wengine wapo, na mikono yake inapita wapi anapomrekebisha mwanamke. Hilo la mwisho msione haya kulisema. Kinga ya meno usiazime wala kuazimisha, damu na mate havina urafiki. Kidonda kifunikwe, na magodoro yafutwe kwa dawa, la sivyo mtaleta fangasi wa ngozi nyumbani mpaka kwa mtoto.

Kuna meseji nyingine zilinikaa moyoni. Dada mmoja, simtaji wala mtaa wake, anataka karate ili mumewe akome. Dada yangu, na wote mlio kama wewe, nisikilizeni vizuri. Masomo mawili kwa wiki hayakupi uwezo wa kumshinda mwanaume mzito ndani ya chumba kilichofungwa, na ukimrudishia anaweza kuzidisha. Hata kwa kibaka mwenye kisu, mpe simu, simu inanunuliwa. Mbinu za kujilinda ni za kukupa sekunde chache ukimbie. Nyumbani kwako mwenyewe utakimbilia wapi? Hapo unahitaji watu. Kuna Dawati la Jinsia na Watoto polisi, kuna vituo vya Mkono kwa Mkono kwenye baadhi ya hospitali ambapo unapata matibabu na msaada wa sheria mahali pamoja, na kwa mtoto anayenyanyaswa piga 116, bure. Ukija wodini ukasema umeanguka kwenye ngazi, sisi wauguzi huwa tunajua. Tuambie tu ukweli. Karate utajifunza pia, ila usiisubiri ndiyo ikuokoe.

Muda na hela ndiyo kilio cha wengi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Madarasa mawili ya saa moja na robo, umefika. Lakini kama darasa liko mjini na wewe unatoka ofisini Mtumba saa kumi na moja, daladala, foleni, mtoto anakusubiri, utaenda wiki tatu tu uache. Mwalimu wa kawaida aliye karibu na kwako anamshinda bingwa wa mbali. Mkiwa akina mama sita mtaani mnaweza hata kuongea na mwalimu awafuate nyinyi, mkachangia nauli yake. Baba watoto akinuna, mwambie akae na watoto hiyo saa moja, au aje naye arushe mateke.

Kuhusu wale wa miaka mitano mnaotaka kwenda nao darasani, hilo lina mambo yake. Nitaliandika Jumapili nikitoka zamu ya usiku.