MOTOKARI YA ZAMANI: KUIFUFUA NI FAIDA AO HASARA?



Kwetu Lubumbashi kuna Volkswagen ya babu, ile watu wanaita Coccinelle. Babu aliinunua mwaka 1974. Kiisha yeye kufa mwaka 2005, ilikaa chini ya mwembe miaka 19, kuku wakitaga mayai ndani yake. Mwaka 2024 baba akasema: «Tutaifufua.» Tulifurahi wote, na miye wa kwanza, maana ninajifunza mekaniki. Lakini leo ninauliza wazi: ile feza ilitumika vizuri ao ilipotea bure?

Wenye kusifu kazi hii wanasema: «Motokari ya zamani ni mali.» Wanatupa mfano wa Mercedes moja ya mwaka 1955, iliyouzwa mwaka 2022 kwa euro milioni 135. Ni kweli. Lakini wasisahau kwamba za namna ile zilitengenezwa mbili tu. Coccinelle zilitengenezwa zaidi ya milioni 21, na ya mwisho ilitoka kiwandani kule Mexico mwaka 2003. Ukiweka dola 3000 ndani ya ile yetu, nani atakurudishia hata nusu? Mwenye kutafuta faida ya soko, aache kabisa.

Wengine wanasema: «Tupeni, ni mabati tu.» Hao nao siwafuati. Motokari ile haina radiateri wala maji. Moteri yake inapozwa na upepo, inakaa nyuma, na inashikwa na buloni nne. Siku tuliyoishusha, nilielewa mambo niliyokuwa ninayaandika tu ndani ya daftari. Nilishika pistoni kwa mkono wangu mwenyewe, si picha ya ubaoni. Hiyo siiti hasara.

Hasara ilianza pengine. Moteri ilipowaka, watu wa avenyu wakapiga makofi, na baba akapata tamaa ya kuirembesha. Akaagiza parashoki mpya, vile vyuma vya kung'aa vya mbele na vya nyuma, kiisha viti vya ngozi. Na wakati ule, chini ya kiti cha nyuma, pale batiri inapokaa, kutu ilikuwa imekula sakafu hata unaona udongo!

Mwezi ule ule, dada yangu mdogo alirudishwa nyumbani juu ya minervali. Alikaa majuma matatu. Kila asubuhi anaketi mlangoni, anatazama fundi anavyosugua vile vyuma. Siku moja akaniuliza: «Yaya, ile motokari iko mu kelasi ya ngapi?»

Sikuwa na jibu. Baba naye alisikia. Hakusema neno, lakini kesho yake akauza parashoki kwa bei ya chini na kulipa minervali. Dada akarudi masomoni, ila mitihani ilikuwa imekwisha kupita.

Basi, haya ndiyo maoni yangu.

Kwanza, tuhesabu feza mbele ya kufungua hata buloni moja, na kiisha tuongeze nusu, maana kutu ya kweli inaonekana ukiisha kukwangua rangi.

Pili, tuanze na vitu vinavyolinda uhai: freni, usukani, sakafu, nyaya za umeme. Kung'aa kutafuata, na kama hakufuati, hakuna neno.

Tatu, feza ya minervali isiguswe. Motokari ilingoja miaka 19 chini ya mwembe. Ingeweza kungoja mwaka mwingine. Mwaka wa masomo haungoji mtu.

Je, ilifaa kuifufua? Kwa moteri ninasema ndiyo. Kwa parashoki ninasema hapana. Leo Coccinelle ya babu inatembea. Rangi yake ni ile ya zamani, imechakaa. Sakafu ni mpya, na miye nilikuwa kati ya wale walioichomelea. Siku ya Mungu inatupeleka kanisani wote sita, tumebanana kama samaki wa kopo, na dada ndiye anakaa mbele.

Mwenzetu anayeona vingine, aandike katika numero itakayofuata. Nitamsoma kwa furaha.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano, Mekaniki