Maumivu ya Mfanyakazi si Uongo



Hapa Katwe chuma hugongwa tangu asubuhi mpaka jioni, na haipiti siku bila mwenzetu kuumia. Huyu amekatwa na bati, yule ameunguzwa na cheche. Kwenye mashamba ya miwa na chai ni panga na mgongo. Na kila mahali nyapara ana jibu moja: "Anajifanya huyo. Maumivu yako kichwani mwake tu."

Jibu hilo tunalikataa, na sababu zetu ni hizi.

Ni kweli kwamba analolitarajia mtu hubadili maumivu yake. Wataalamu wamelichunguza jambo hili. Katika Vita Kuu ya Pili, daktari Mmarekani Henry Beecher aliwauliza askari waliojeruhiwa vibaya kama wanataka dawa ya maumivu. Mwaka 1946 aliandika kwamba kama watatu katika kila wanne walikataa. Aliona kwamba kwa askari, jeraha lilikuwa tiketi ya kutoka vitani akiwa hai. Kwa kibarua jeraha ni njaa nyumbani.

Mwaka 2011, huko Oxford, Uingereza, watu walitiwa dawa kali ya maumivu mshipani huku ngozi yao ikipashwa joto. Walipoambiwa dawa imeanza, nafuu iliongezeka maradufu. Walipoambiwa imesimamishwa, maumivu yalirudi kana kwamba hawakupewa kitu, ingawa dawa ilikuwa bado inaingia kwa kipimo kile kile.

Nyapara akisikia hayo atafurahi. Asifurahi upesi. Mwaka 1978 wataalamu wa San Francisco, Marekani, waliwachunguza watu waliong'olewa meno. Baadhi yao walipata nafuu kwa sindano isiyo na dawa. Kisha walipewa kitu kinachozuia dawa ya maumivu ambayo mwili hujitengenezea wenyewe, na maumivu yakazidi. Maana yake, matarajio hufanya kazi ndani ya mwili, katika ubongo na mishipa ya fahamu. Mwenye maumivu hayo hasemi uongo.

Tena, yule askari aliyekataa dawa bado alikuwa na jeraha la kushonwa. Wachomeleaji wa Katwe wanalijua hili. Ukichomelea bila kioo, mchana husikii kitu, na usiku macho huwaka kama yametiwa mchanga. Kwa hiyo kilio si kipimo cha jeraha, wala kimya si dalili ya uzima.

Kutokana na haya, sisi tunasema mambo matatu.

Kwanza, kila ajali iandikwe siku ile ile, aliyeumia alie asilie. Sheria ya fidia ya Uganda ya mwaka 2000 inamtaka mwajiri alipe fidia kwa madhara yaliyotokana na kazi. Haisemi mfanyakazi apimwe machozi.

Pili, vitisho vikome. Mtu anayeambiwa, "Ukienda zahanati usirudi kesho," anakaa akingoja mabaya mawili, kidonda na kufukuzwa. Sisi tunaamini kitisho hicho kinaongeza maumivu yenyewe. Aliyeumia aambiwe kweli: atatibiwa wapi, atapona lini, na kwamba kazi yake ipo.

Tatu, maneno mazuri yaende pamoja na dawa. Jirani yetu hapa Makindye, Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, imewapa wagonjwa wa saratani mofini ya kunywa, na pamoja nayo mtu wa kuwasikiliza. Haikuwaambia wavumilie tu. Ikiwa mgonjwa maskini aliyelala kwake anaweza kupata vyote viwili, kiwanda chenye faida hakina udhuru wa kukosa sanduku la huduma ya kwanza.

Ndugu, mwenzako akisema anaumwa, mwamini kwanza. Kisha nendeni pamoja kwa karani, jina lake liandikwe.