Kabla ya Kulaumu Stima, Pima RAM Yako

Wasee, hapa Kitengela kompyuta ikizima tu, lawama ni ya stima. Hata mimi nilikuwa hivyo. Leo nasema wazi: shida zingine tunajitengenezea wenyewe kwa BIOS.

Nilikuwa na kijiti kimoja cha RAM ya DDR4, nikaongeza kingine cha mtumba, cha kampuni tofauti. Nikawasha XMP. Kasi ikapanda hadi 3200, volteji ikatoka 1.2 hadi 1.35. Mashine ikawaka poa, nikajiona fundi. Wiki hiyo hiyo nikahamisha video za harusi niliyorekodi Kajiado, nikafuta kadi ya kamera. Kuja kufungua, faili tatu zimeharibika. Moja ilikuwa ya nyanya ya bi harusi akiwabariki. Pesa nilirudisha. Ile baraka, manze, sikuwa na pa kuitoa.

Nikakimbia kununua UPS. Skrini ya bluu ikaendelea kama kawaida. Hebu fikiria: volti 240 za ukutani zinageuzwa na pawa saplai kuwa 12, halafu mazabodi inashusha tena hadi hiyo 1.35. UPS haigusi hiyo hatua ya mwisho.

Kilichonisaidia ni MemTest86, programu ya bure unayoweka kwa flashi. Niliiacha usiku kucha, na raundi ya pili makosa yakaanza kujaa. Nikashusha kasi hadi 2666, nikapima upya: sufuri.

Najua mtaniambia, "Si ungeongeza volteji tu?" Hapo ndipo tunakosana. Anza kwa kushusha kasi. Pima kijiti kimoja kimoja. Ukiamua kuongeza volteji, panda kwa 0.01 au 0.02, upime kila hatua, na usivuke kiwango kilichoandikwa kwa kijiti chenyewe. Volteji zaidi ni joto zaidi, na chumba cha paa la mabati saa nane mchana tayari kina joto la kutosha.

Kompyuta kuwaka si ushahidi kwamba iko sawa. Ukicheza gemu, ikigoma unaanza upya. Lakini kama unakula pesa za watu, kasi ambayo hujaipima ni kamari, na unayecheza nayo si mali yako. Na usifute kadi kabla hujafungua kila faili.

Wewe yako ulipima lini?