Rubani anayegeuza ndege alindwe: Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya

Kwako Mkurugenzi Mkuu,

Nakuandikia nikiwa abiria wa ndege ndogo, zile zinazopaa kutoka uwanja wa ndege wa Wilson asubuhi na mapema kwenda Mara, Lamu na Nanyuki. Ombi langu ni moja: ofisi yako ihakikishe kwamba rubani anayegeuza ndege kwa sababu ya mawingu hapotezi chochote. Asikatwe malipo, asinyimwe safari ya kesho, wala asifokewe na aliyeikodi ndege. Sheria tayari inampa rubani neno la mwisho kuhusu safari yake. Tatizo ni kwamba neno hilo lina gharama, na mara nyingi anayeogopa kuilipa ni yeye.

Nchi yetu inajua mawingu yanavyoua. Tarehe 19 Julai 2003, ndege ya kukodi iligonga Mlima Kenya karibu na kilele cha Lenana, wakafa watu 14. Tarehe 10 Aprili 2006, ndege ya jeshi iliyowabeba viongozi waliokuwa wakienda kwenye mazungumzo ya amani ilianguka Marsabit katika hali mbaya ya hewa. Wakafa 14, akiwemo Dkt. Bonaya Godana, waziri wa zamani wa mambo ya nje. Najua ndege za jeshi haziko chini yako, lakini mawingu hayabagui. Tarehe 5 Juni 2018, ndege iliyotoka Kitale kuja Nairobi ilipotelea katika milima ya Aberdare. Mabaki yalionekana siku mbili baadaye, na hakuna aliyenusurika kati ya watu 10.

Hizo zilikuwa ajali za kugonga milima. Abiria wengi hatujui kwamba wingu linaweza kuangusha ndege hata pasipokuwa na mlima wowote, kwa kumpoteza rubani asijue juu ni wapi na chini ni wapi.

Ukitaka kuamini, fanya jaribio hili hapo ofisini. Keti kwenye kiti kinachozunguka, fumba macho, kisha mwambie mwenzako akuzungushe polepole kuelekea kulia bila kubadilisha mwendo. Mwanzoni utajua wazi kwamba unazunguka. Baada ya nusu dakika hivi utaapa kwamba umetulia. Akikisimamisha kiti ghafla, utahisi unazungushwa kushoto, na huenda ukashika mikono ya kiti usianguke. Ndani ya sikio mna vijifereji vitatu vyenye majimaji, na kazi yake ni kuhisi mabadiliko ya mzunguko. Mzunguko usiobadilika havina habari nao.

Rubani aliye ndani ya wingu ni kama huyo aliyefumba macho. Ndege ikianza kulala ubavu taratibu, mwili wake humwambia kwamba iko sawa. Pua inashuka, kasi inapanda, naye anavuta usukani ili aiinue. Kwa kuwa ndege imelala ubavu, kuvuta huko kunazidi kuukaza mzunguko. Ndege inateremka kwa kuzunguka hadi ardhini, injini yake ikiwa nzima. Kinachoweza kumwokoa ni kuzikana hisia zake na kuamini vipimo vilivyo mbele yake, na hilo halifanyiki bila mazoezi ya mara kwa mara.

Mwaka 1954, watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwapima watu 20 ambao hawakuwa na uzoefu wa kuruka kwa kutegemea vipimo. Wote walishindwa kuidhibiti ndege, na kwa wastani iliwachukua sekunde 178. Hata dakika tatu hazikutimia.

Tena uzoefu peke yake si kinga. Rubani aliyembeba mchezaji wa mpira wa kikapu Kobe Bryant tarehe 26 Januari 2020 alikuwa amekwisha kuruka kwa zaidi ya saa 8,000. Karibu na Calabasas, California, aliingia mawinguni. Akawaambia waongozaji wa ndege kwamba anapanda hadi futi 4,000, kumbe helikopta ilikuwa inashuka. Wote tisa walikufa. Wachunguzi walisema helikopta haikuwa na hitilafu. Walisema pia kwamba hawakuona ushahidi kuwa mteja au kampuni ilimlazimisha rubani aendelee. Yaelekea alijisukuma mwenyewe ili amfikishe mteja wake.

Hapo ndipo penye kiini cha barua hii. Ikiwa rubani mzoefu anaweza kujisukuma bila kuambiwa na mtu, hali ikoje kwa kijana anayeruka na mheshimiwa anayetazama saa kila baada ya dakika mbili, huku umati ukimsubiri uwanjani? Asubuhi za Julai wingu la kijivu hulala juu ya vilima vya Ngong, na uchaguzi mkuu ni Agosti 2027. Kampeni zitapamba moto katika miezi hiyo hiyo ya baridi, kila mwanasiasa akitaka chopa yake imfikishe kwenye mikutano minne kwa siku.

Basi nakuomba mambo matatu.

Kwanza, kila kampuni ya ndege za kukodi itakiwe kuandika kwamba rubani aliyegeuza hataulizwa kwa vitisho wala kuadhibiwa, na iweke kumbukumbu ya safari zote zilizogeuzwa. Wakaguzi wako waziombe kumbukumbu hizo. Kampuni ambayo kwa mwaka mzima haijageuza hata safari moja isisifiwe. Iwe ya kwanza kuchunguzwa.

Pili, mazoezi ya kutoka mawinguni salama yafanywe mara kwa mara na yawahusu marubani wote wa kukodiwa, hata wale ambao kibali chao ni cha kuruka kwa kuona tu. Hao ndio ambao wingu huwakuta hawajajiandaa.

Tatu, mkataba wa kukodi useme wazi kwamba mkodishwaji atalipia saa zilizorukwa, ndege itue alikokusudia au irudi ilikotoka. Wenye kampuni watalalamika kwamba kugeuza kunawatia hasara. Mkataba wa namna hiyo utaiondoa hasara hiyo mabegani mwao, na rubani atapungukiwa na mzigo mmoja wa kufikiria awapo hewani.

Wahenga walisema kawia ufike. Sisi abiria nasi tuna wajibu wetu: rubani akitangaza kwamba tunarudi, tumshukuru, tushuke, tutafute gari. Lakini adabu ya abiria haitoshi bila agizo lenye nguvu ya sheria, na agizo hilo linatoka kwako. Litoe kabla msimu wa kampeni haujaanza, wakati bado hakuna mkubwa anayekuharakisha wewe wala rubani.

Wako mwaminifu,
Abiria wa Wilson
Nairobi