Mwanamke Mcha Mungu Si Mwanamke Bubu



Wapendwa taifa la Mungu, wiki hii tunalitaja jambo ambalo wengi wetu tunalijua na kulifunika. Kila tunapomzungumzia mwanamke mwenye tabia ya kimungu, iwe katika jumuiya ndogo ndogo, katika mafundisho ya ndoa au katika sherehe za kumfunda bibi arusi, neno huwa moja tu: vumilia. Mume akimtukana, avumilie. Akimpiga, apige magoti asali, wala asitoe siri za nyumba. Kisha tunafungua kitabu cha Mithali, sura ya 31, na kusema ndivyo Maandiko yanavyotaka. Sivyo!

Dominika ya 33 ya Mwaka A tunasomewa sehemu tu za sura hiyo: aya ya 10 hadi 13, 19 na 20, 30 na 31. Wengi wetu tunaishia hapo, tukibaki na picha ya mama anayesokota nyuzi na kumtendea mema mumewe. Lakini aya ya 16 inamwonesha akichunguza shamba, akilinunua na kupanda mizabibu kwa mapato ya mikono yake. Aya ya 26 inamwonesha akifungua kinywa, na kinachotoka ni hekima. Hakuna aya inayosema alipigwa akanyamaza. Tena, sura inaanza na mama anayemfundisha mwanawe, mfalme Lemueli, ajihadhari na ulevi na awatetee wanyonge. Mbona akina baba hatuwasomei aya hizo?

Wapo watakaotukumbusha kwamba Mtume Paulo aliwaagiza wake wawatii waume. Ni kweli, katika Waefeso sura ya 5. Lakini kwanza, katika aya ya 21, anatutaka wote tunyenyekeane. Na mume anapewa kipimo kizito zaidi, yaani kumpenda mkewe kama Kristo alivyolipenda Kanisa. Kristo hakulipiga Kanisa. Alipigwa kwa ajili yake.

Wengine husema kipigo ndio msalaba wa mama huyo. Ndugu, msalaba ulibebwa kwa hiari ili kuwaokoa watu. Ngumi ya mume haimwokoi yeyote. Inamwumiza mke, inawatia watoto hofu, na anayeirusha inampeleka dhambini. Abigaili, katika kitabu cha kwanza cha Samweli sura ya 25, hakuusubiri upumbavu wa Nabali uwaangamize wote. Alitoka bila kumwarifu mumewe, akasema na Daudi, akaokoa nyumba nzima. Naye Mtakatifu Yosefina Bakhita, mzaliwa wa Darfur aliyetekwa utumwani akiwa mtoto, alimkatalia bibi aliyemtumikia alipotaka kumrudisha Afrika. Tarehe 29 Novemba 1889 mahakama ya Venice ikatamka kwamba yu huru. Mwaka 2000 Kanisa likamtangaza mtakatifu. Alikuwa mpole na mwenye kusamehe, lakini alijua kusema hapana.

Kanisa nalo halikuwaacha wake yatima. Kanuni ya 1153 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inasema kwamba mwenzi anayemhatarisha vibaya mwenzake au watoto, kiroho au kimwili, anampa sababu halali ya kuondoka kwa idhini ya Askofu. Na pale ambapo kukawia ni hatari, anaweza kuondoka kwa uamuzi wake mwenyewe. Kifungo cha ndoa hakivunjiki, na mlango wa upatanisho unabaki wazi, lakini uhai unalindwa kwanza. Hata Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inakataza kumpiga mwenzi.

Hapa sisi mapadre tunapaswa kujipiga kifua. Akina mama wamekuja kwetu wakitafuta ulinzi, nasi tukawarudisha na baraka na rozari. Tumekosa.

Basi, enyi akina mama mnaowafunda mabinti zetu, wafundisheni sala, kazi, ukarimu na uaminifu. Wafundisheni pia kwamba kumcha Mungu si kumwogopa mume. Na anayepigwa leo asingoje Dominika: aende kwa wazazi wake, kwa mwenyekiti wa jumuiya, parokiani, au kwenye dawati la jinsia katika kituo cha polisi. Hatavunja amri ya Mungu kwa kufanya hivyo.

Mtakatifu Yosefina Bakhita, utuombee.